"Go Dutch": Kumbe siyo safari ya Uholanzi!

Mwezi uliopita nilimpeleka mchumba wangu kula chipsi kuku pale Sinza. Mwenzangu anafanya kazi mapokezi hotelini, Kiingereza kwake maji ya kunywa. Tulipomaliza akanitazama usoni, "Dia, leo let's go Dutch."

Moyo ukanilipuka paa! Kidato cha nne changu kinatosha kujua Dutch ni Mholanzi. Nikajua kapata mzungu, ndiyo naagwa hivyo.

Mhudumu akaleta bili, shilingi 26,000. Bibie akafungua pochi, akahesabu 13,000, akaziweka mezani. Nikaona hii sasa dharau. Nikamrudishia pesa zake, nikalipa zote. Usiniulize nauli, msomaji wangu. Nilichapa mguu hadi Manzese.

Siku tatu hatukusemeshana. Mwisho nikamfuata mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, akacheka hadi akakohoa. Kumbe maana yake kila mtu ajilipie, na siku hizi hata mkigawana nusu kwa nusu mnaita hivyohivyo. Basi!

Chanzo ni ugomvi wa majirani. Kati ya 1652 na 1674 Waingereza na Waholanzi walipigana vita vitatu baharini wakigombea biashara, na Mwingereza akazoea kumbandika mwenzake kila sifa mbaya. Ujasiri wa pombe akauita wa Kiholanzi. (Siyo Wadachi wa babu zetu, wale walikuwa Wajerumani.) Karne ya 19 Marekani nako ikazuka "Dutch treat", yaani unaalikwa halafu unajilipia mwenyewe! Lakini sikia hii: Waturuki jambo hilohilo wanaliita mtindo wa Kijerumani, na Wamisri wanaliita la Kiingereza. Hakuna anayetaka ubahili uwe wa kwao. Sisi tunachanga tu, wala hatumsingizii mtu.

Kitu kimoja mwalimu alisisitiza: neno hili husemwa kabla ya kuagiza, siyo mifupa ikiwa mezani.

Jioni ile nikaenda kuomba radhi. Bibie akaniambia, "Nilikuona unasoma bei kabla ya jina la chakula. Nilitaka kukusitiri." Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi hii tunatoka tena. Safari hii nimemwambia mapema, tena kwa Kiswahili: kila mtu na pochi yake. Kakubali, ila soda ya pili kasema ni juu yake.