Kinengenenge wa Taita si yule wa Voi

Kila msimu wa likizo, picha za kutoka nyumbani hutuletea swali lile lile: huyu ndege mdogo wa miwani nyeupe ndiye yule anayepatikana kwetu tu? Kama picha imepigwa Voi mjini, karibu hakika siye.

Tazama tumbo. Kinengenenge wa nyika, anayerukaruka kwenye migunga na maua ya uani, ana tumbo la manjano na duara jembamba jeupe machoni. Wa Taita ana tumbo la kijivu, koo la manjano na mgongo wa kijani, na duara la jicho lake ni pana kupita kiasi. Makao yake ni misitu ya juu, kama Ngangao, Mbololo na Vuria, pamoja na Mlima Kasigau uliojitenga kusini mwa Voi. Duniani kote hana kwingine.

Ilikuwaje? Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya milima ya Tao la Mashariki, ndugu wa Pare na Usambara. Upepo wa Bahari ya Hindi huleta mvua na ukungu juu, huku chini Tsavo ikikauka. Ndege waliobaki juu walitengana na wenzao kwa muda mrefu mno. Wanasayansi walimpa huyu jina la Zosterops silvanus mwaka 1935, kisha kwa miaka mingi wengi wakamhesabu kama tawi tu la kinengenenge wa milimani. Leo anatambuliwa kuwa spishi kamili, na mimi naona ilichelewa.

Utamsikia kabla ya kumwona. Huenda kwa makundi, wakiitana bila kunyamaza, wakipekua wadudu kwenye majani, wakila matunda madogo na kunyonya maua kwa ulimi wenye ncha ya brashi. Kundi likimaliza mti huhamia mwingine, hata kuvuka mashamba kati ya kipande kimoja cha msitu na kingine.

Uwezo huo apalisi wa Taita, jirani yake mwenye koo jeusi, hana. Yeye hujificha kwenye vichaka vya chini, na shamba la mahindi kwake ni ukuta. Makadirio ya idadi yake ya mwaka 2001 yalikuwa mamia kadhaa. Kufikia 2010 yalishuka hadi kati ya 60 na 130.

Basi mkipanda Wundanyi Desemba, mpigeni kinengenenge picha kutoka chini, tumbo lionekane.