Kwa nini ndege wa Mida huvishwa pete mguuni

KWA mvuvi wa hori ya Mida, karibu na mji wa Watamu katika Kaunti ya Kilifi, usiku wa mwezi mwandamo ni usiku wa kutazamia maji makubwa ya bamvua. Wapo watu wengine wanaoungojea usiku uo huo, wakiwa na nyavu zao, ila hawana haja ya kitoweo. Hao ni watafiti wa ndege, na kila wanachokinasa hukiachilia muda si mrefu baadaye kikiwa na pete ndogo ya madini mguuni.

Si ajabu mtu akimwona ndege wa aina hiyo kushuku kwamba kuna jambo. Nchini Misri mnamo 2013, korongo mmoja aliyefungwa chombo cha kufuatilia safari zake alizuiliwa na polisi kwa kudhaniwa kuwa jasusi. Ilipobainika kuwa hana hatia aliachiliwa huru, na baadaye, maskini, akauawa na kuliwa.

Kazi yenyewe haina siri. Shirika la A Rocha Kenya, ambalo kituo chake cha Mwamba kiko ufuoni Watamu, limeifanya kwa miaka mingi katika eneo la Mida. Ndege wa pwani kama vile vitwitwi na sululu hutawanyika kwenye matope wakati wa maji kupwa, wakichokoa kaa, chaza na minyoo. Maji yanapojaa, matope hufunikwa na ndege hulazimika kukusanyika mahali pachache palipoinuka. Hapo ndipo nyavu husimamishwa juu ya fito ndefu. Nyuzi zake ni nyembamba mithili ya nywele, na hazikazwi sana, ili ndege akizigonga atumbukie katika mkunjo wa wavu na kubaki humo bila kuumia. Mchana ndege hawa huona wavu na kuukwepa. Mbalamwezi nayo huufichua. Ndiyo maana bamvua ya mwezi mwandamo hupendelewa kuliko ile ya mwezi mpevu, ingawa zote mbili huleta maji mengi.

Nyavu hukaguliwa mara kwa mara kwa mwanga wa kurunzi. Anayenaswa hutolewa kwa uangalifu, kwanza miguu, kisha mabawa na kichwa, na kutiwa ndani ya mfuko wa kitambaa ambamo giza humtuliza. Mtafiti humshika shingo ikiwa katikati ya kidole cha shahada na kidole cha kati, kisha humvisha pete kwa koleo maalumu. Pete hiyo huzunguka mguu bila kubana na huwa na nambari isiyofanana na nyingine, pamoja na jina la Makavazi jijini Nairobi. Bawa hupimwa, manyoya mapya na yaliyochakaa huchunguzwa, na manyoya ya kifuani hupulizwa kidogo ili kuona akiba ya mafuta iliyo chini ya ngozi. Mwishowe ndege hupimwa uzani na kuachiliwa.

Hapana budi kukiri kwamba kazi hii ina hatari. Wavu ulioachwa bila mlinzi unaweza kumzamisha ndege maji yanapopanda, au kumuua kwa jua kukicha. Kwa sababu hiyo haifanywi na yeyote apendaye, bali na watu waliopata mafunzo ya muda mrefu na waliopewa idhini. Kutega ndege wa porini bila kibali ni kinyume cha sheria ya Kenya.

Je, usumbufu wote huu una faida gani? Chukua mfano wa kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, ambaye kwa kawaida huwa na uzani wa gramu 50 hadi 60. Ndege huyu hutaga Siberia, kaskazini kabisa ya dunia, na huja kwetu kuukimbia msimu wa baridi. Kwa kutazama manyoya, mtafiti hutambua ni yupi aliyezaliwa mwaka huo. Makinda yakiwa haba kwenye nyavu, huenda panya wa Siberia walipungua, na mbweha waliowategemea wakageukia mayai ya ndege. Yaani, tope la Mida huweza kutoa habari za mbweha wa Siberia! Inapokaribia Aprili, mizani huonyesha vitwitwi wakinenepa kwa ajili ya safari, na wasiponenepa ipasavyo, kasoro iko huku kwetu: chakula kimepungua au wanasumbuliwa mno.

Yupo pia ndege mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu hutaga yai moja tu ndani ya shimo mchangani, hususan katika fuo zinazozunguka Bara Arabu, kisha huja Mida akifuatana na kinda lake ambalo bado humlilia alishwe. Anayeharibu fuo za Ghuba, kwa hivyo, huwapunguza ndege wa Kilifi, na anayekata mikoko Mida huwapunguza wa Oman.

Jambo hili si la wasomi pekee. Oktoba 2024, kitwitwi huyo tuliyemtaja aliorodheshwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Tangu 2001, mpango unaoitwa ASSETS umekuwa ukitumia mapato ya watalii wanaozuru Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke kusaidia kulipa karo za wanafunzi wa vijiji jirani. Ndege wakitoweka, wapo watakaokosa zaidi ya kuwatazama.

Hata hivyo, pete haina maana iwapo hakuna anayeisoma tena, na wengi wa ndege wadogo wanaovishwa hawaonekani tena kamwe. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ulimwengu ulijua hayo kwa sababu tu mtu mmoja huko alijitaabisha kuandika barua.

Kwa hivyo ukimpata ndege mwenye pete akiwa hai, isome nambari, ipige picha ikiwezekana, kisha mwache aende zake. Usijaribu kuivua, kwani utamvunja mguu. Akiwa amekufa, andika nambari yote, tarehe na mahali, upeleke habari kwa idara ya ndege ya Makavazi ya Taifa au katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iliyo karibu. Tarakimu moja ikikosewa, habari hizo zitahesabiwa kuwa za ndege mwingine kabisa.