Kipimo cha Umeme kwa Chama cha Msingi: Jinsi ya Kukichagua

Katika miteremko ya Kilimanjaro, kahawa iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku hiyo hiyo. Matunda yakilala na maganda yake huanza kuchacha, na ladha huharibika hata kahawa ikioshwa vizuri namna gani. Kwa hiyo chama chenye mtambo wa kumenyea unaoendeshwa kwa mota ya umeme hakina nafasi ya kumngoja fundi atoke Moshi mjini apande hadi Kibosho au Mwika kesho yake. Mota ikisimama jioni, wanachama wakiwa foleni na mizigo yao, la kwanza kujulikana ni hili: umeme haufiki, fezi moja imepotea, au mota imeungua? Jibu hutolewa na kipimo cha umeme, ambacho mafundi wengi hukiita avomita.

Jina hilo latokana na chombo kilichobuniwa mwaka 1923 na Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, ili kipimo kimoja kifanye kazi ya vipimo vitatu: vya ampea, volti na ohm. Kazi hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni wingi wa aina madukani, na tofauti kubwa ya bei.

Usalama wa fundi

Mota kubwa hutumia umeme wa fezi tatu, wenye volti 400 hivi kati ya fezi na fezi, na 230 kati ya fezi na nyutro. Zaidi ya hayo, radi ikipiga karibu na nyaya zinazopanda mlimani huingiza msukumo wa maelfu ya volti kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kipimo hafifu kikikutwa na msukumo huo huweza kupasuka mkononi mwa fundi.

Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha IEC 61010 kimegawa vipimo kwa madaraja. Daraja la CAT II lafaa kwa vyombo vya kuchomeka katika soketi, kama redio. Kwenye ubao wa swichi na mota ya mtambo hapana budi kutumia CAT III ya volti 600 au zaidi, ambayo hujaribiwa kwa msukumo wa volti 6,000. CAT IV ni ya pale umeme uingiapo jengoni, kwenye mita ya TANESCO, mahali ambapo fundi wa chama hana ruhusa ya kugusa.

Ukaguzi dukani

Alama iliyochapwa juu ya plastiki si ushahidi wa kutosha. Kabla ya kulipa, katibu au fundi wa chama na ahakikishe mambo haya:

1. Kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Fyuzi ziwe za kauri, zilizoandikwa volti 600 au 1,000. Fyuzi ndogo ya kioo ya volti 250 yaonyesha kwamba alama ya CAT III si ya kuaminiwa.

2. Tundu la ampea 10 lisiwe na neno UNFUSED, maana yake halina fyuzi ya kulilinda.

3. Vijiti vya kupimia vigusanishwe kwenye kipimo cha ohm. Namba iwe karibu na sifuri, wala isirukeruke waya zikitikiswa.

4. Soketi ya duka ipimwe, na namba ilinganishwe na ile ya kipimo kingine kizuri.

Kipimo kikipita ukaguzi huu, si lazima kiwe cha bei ya juu kabisa. Fluke ya Marekani inasifika, lakini kazi za kawaida za mtambo hazihitaji fedha nyingi hivyo. Wala chama kisilipie wingi wa vitufe. Volti, ohm na mlio wa kuonyesha kwamba waya haujakatika vyatosha kwa kazi nyingi.

Chombo cha ziada chenye faida ni kipimo cha kubana waya, kinachosoma ampea bila kukata waya. Mota ikipoteza fezi moja huunguruma, hupata moto, na koili zake huungua. Ampea za waya tatu zikipimwa na kuonekana hazilingani, mota huzimwa mapema. Kwa kuwa bei yake ni kubwa zaidi, vyama viwili au vitatu jirani vyaweza kukinunua kwa ushirika na kuandika zamu za kukitumia.

Matumizi na utunzaji

Kabla ya kugusa waya unaodhaniwa kuwa umezimwa, fundi apime kwanza mahali penye umeme wa hakika, kisha waya wenyewe, kisha arudi pale pa kwanza. Kipimo kilichokufa nacho husoma sifuri. Kamwe volti zisipimwe kijiti kikiwa katika tundu la ampea. Msimu ukiisha, betri ziondolewe zisije zikavuja, na chombo kiandikwe katika daftari la mali ya chama.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kamati inapopitisha ununuzi huu, ilinganishe bei ya kipimo kizuri na gharama ya kusuka mota upya, pamoja na kahawa ya wanachama itakayochacha usiku mmoja. Maisha ya fundi hayana bei ya kulinganishwa nayo.