Ukurasa Nao ni Fani

Katika uhakiki wa ushairi tumezoea kuuliza mambo mawili: mtunzi anasema nini, na anakisemaje. Yaani maudhui na fani. Ni nadra mtu kuuliza nani aliyepanga ukurasa. Nami sikuuliza, mpaka nilipopewa kazi ya kupanga jarida la chama chetu cha fasihi kwa kompyuta.

Katika toleo langu la kwanza niligawa kila ukurasa safu mbili, kama gazeti. Insha zilikaa vizuri. Mashairi, la! Hebu tutazame mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano tu:

Karatasi natandika, maneno yapate keti.

Una mizani 16: nane za ukwapi, nane za utao. Kina cha kati ni -ka, cha mwisho ni -ti. Sasa uweke ndani ya safu nyembamba. Programu inakata pale nafasi inapoishia, na "keti" linaanguka chini peke yake. Hivyo ndivyo nilivyolifanyia shairi la mwenzetu mmoja: ubeti wa mishororo minne ukatoka na mistari minane, mirefu kwa mifupi. Kwenye semina mtu akasema, "Huyu eti mshairi, na vina hajui." Kumbe mtunzi alikuwemo humo humo, ameinamisha kichwa. Kosa lilikuwa langu, hukumu akaibeba yeye.

Hoja yangu basi ni hii: mpangaji wa ukurasa ni mhakiki wa kwanza wa shairi. Akikosea, wanaomfuata wanahakiki kitu kingine.

Programu hizi si ngeni. PageMaker ya kampuni ya Aldus ilitoka mwaka 1985, InDesign ya Adobe mwaka 1999, na Scribus, ambayo ni ya bure na ndiyo tunayoitumia, mwaka 2003. Zote hazijui shairi ni nini. Zinajua fremu, aya na mtindo. Ni juu yako kuzifundisha.

Nimeunda mtindo wa aya niliouita "Mshororo", tofauti na ule wa insha. Kwanza, maandishi yananyooshwa upande wa kushoto tu. Ukinyoosha pande zote mbili, mapengo kati ya maneno yanasomeka kama vituo ambavyo mtunzi hakuvikusudia. Pili, mshororo ukizidi upana wa safu, sehemu iliyozidi inaingizwa ndani kidogo, ili msomaji ajue bado ni mshororo ule ule. Tatu, na hili hufanywa katika kuchapa maneno yenyewe, maneno ya utao nayaunganisha kwa nafasi isiyokatika. Mahali pakibana, utao wote unashuka pamoja, na kina cha kati kinabaki mwishoni mwa mstari, kikisikika. Ukirekebisha mtindo mara moja, mashairi yote ndani ya faili yanafuata.

Nakala ya simu ina mambo yake. PDF hubaki na umbo la karatasi. Msomaji hulazimika kuikuza na kuisogeza. EPUB hupanga maandishi upya kwa upana wa kila skrini, na hapo nafasi isiyokatika ndiyo mlinzi wa utao.

Mtu ataniambia ushairi wetu haujawahi kuwa na ukurasa wa aina moja. Kweli. Iko miswada ya hati za Kiarabu ambamo vipande vinne vya ubeti wa utenzi vimo katika mstari mmoja, ilhali vitabu vya hati za Kirumi hukipa kila kipande mstari wake. Lakini mnakili alitia alama penye kituo. Alijua anakata wapi.

Katika toleo hili shairi la mwenzetu limepangwa upya. Nilimpa alitazame kabla ya kulipeleka kiwandani. Akahesabu mizani kwa vidole, akanirudishia karatasi bila kusahihisha kitu.

Wahakiki wenzangu, kabla hamjaandika kwamba vina vimevunjika, tazameni kwanza upana wa safu.