Reagan Hakuwafilisi Warusi

"Mwalimu, si ni kweli Reagan aliwafilisi Warusi kwa ile ngao yake ya angani, ndipo Vita Baridi vikaisha?" Si kweli. Swali hili nimelijibu darasani, redioni, hata msibani. Leo nalijibu kwa maandishi ili nipumzike.

Ngao hiyo ya kuzuia makombora, iliyobandikwa jina la sinema, "Vita vya Nyota", ilitangazwa Machi 23, 1983. Haikuwahi kujengwa. Wanaodai Moscow ilijimaliza kwa kushindana nayo watuonyeshe hizo fedha, maana makadirio ya CIA yenyewe hayaonyeshi matumizi ya jeshi la Usovieti yakipaa ghafla baada ya tangazo hilo. Mzigo wa jeshi ulikuwa mzito tangu zamani. Kilichowapiga ghafla ni mafuta, tegemeo lao la fedha za kigeni: kati ya mwisho wa 1985 na katikati ya 1986, bei yake iliporomoka kwa zaidi ya nusu.

Tena ngao ndiyo iliyokwamisha suluhu. Oktoba 1986, huko Reykjavik, Reagan na kiongozi wa Usovieti, Gorbachev, walifikia hadi kuzungumzia kufuta silaha zote za nyuklia. Gorbachev akataka utafiti wa ngao usitoke maabara, Reagan akagoma, wakaagana wamenuna. Njia ilifunguka Februari 1987, Gorbachev alipokubali kuyajadili makombora ya masafa ya kati ya Ulaya peke yake, ngao ikawekwa kando. Mwanafizikia Andrei Sakharov, aliyekuwa ndiyo kwanza ametolewa uhamishoni Gorky, alikuwa akisema hadharani kwamba ngao ya namna hiyo ingezidiwa kwa gharama ndogo. Ndiyo hiyo ngao iliyowafilisi?

Mkataba wa makombora hayo ulisainiwa Washington Desemba 1987, na makombora 2,692 yakateketezwa. Wakaguzi wa Kimarekani walipiga kambi kwenye lango la kiwanda cha makombora cha Votkinsk, Usovieti, wakichunguza kila behewa lenye urefu wa kubeba kombora. Wenzao wa Usovieti walikuwa Magna, Utah, kwa kazi hiyohiyo. Kisha 1989 Poland, Hungary na Ujerumani Mashariki zikaponyoka, na askari wa Usovieti hawakutoka kambini. Uhasama ulikufa hapo.

Usovieti wenyewe ulivunjika Desemba 1991, wala Washington haikuwa na haraka hiyo. Agosti mwaka huohuo Rais Bush, yule baba, alikwenda Kyiv akawaonya Waukraine dhidi ya utaifa wa kujiangamiza. Mshindi gani humbembeleza mpinzani asianguke?

Kwa anayeuliza kipi kifanyike leo: maadui wazungumze hata wakichukiana, hoja moja isizuie nyingine zote, wakaguzi waruhusiwe hadi langoni, simu ya dharura kati ya wakuu wao isikatwe. Basi. Ule mkataba wa 1987 ulikufa Agosti 2, 2019, Marekani ilipojitoa ikiituhumu Urusi kuuvunja, na hakuna mwingine uliochukua nafasi yake.