Utafiti Umekwisha: Uchapishwe kwa Namna Gani?

Utangulizi

Kila mwaka tasnifu hukamilishwa katika vyuo vyetu vya theolojia. Hutetewa mbele ya watahini, hupewa alama, hufungwa jalada gumu na kuwekwa maktabani. Nyingi hazitoki tena huko.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Tuliandika juu ya maombolezo na mazishi ya Kikristo, na kwa ajili hiyo tuliwahoji wazee wa sharika kadhaa. Miaka michache baadaye tulikutana tena na mmoja wao, naye akatuuliza, "Mchungaji, yale tuliyokuambia uliyapeleka wapi?" Tulikosa la kumjibu. Maneno yake yalikuwa rafuni, katika lugha asiyoisoma, mahali asipofika. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lake, maana tunaamini kwamba kuchagua namna ya kuchapisha ni sehemu ya uaminifu wa mtafiti.

1. Mfano wa Luther

Tunapoikumbuka tarehe 31 Oktoba 1517, mara nyingi tunasahau kwamba zile hoja 95 ziliandikwa kwa Kilatini. Zilikusudiwa wasomi, ili wajadiliane juu ya hati za msamaha, na Luther alizipeleka kwa Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Hoja ni sentensi fupi zenye kuchokoza mjadala. Hazikutungwa ili kumfundisha mkulima.

Hoja zilipoanza kuenea kuliko alivyotazamia, Luther hakuridhika na kuzitafsiri tu. Mwaka 1518 alitoa kijitabu cha Kijerumani juu ya hati za msamaha na neema, chenye vifungu 20 vifupi, ambacho mtu angeweza kukisoma au kusomewa kwa kikao kimoja. Kilichapishwa upya zaidi ya mara 20 kabla ya mwisho wa mwaka 1520. Katika mwaka huo huo wa 1518 alitoa pia kitabu kirefu cha Kilatini, akizifafanua hoja zake moja baada ya nyingine kwa ajili ya wanatheolojia na Papa Leo wa Kumi.

Tunaona basi jambo moja likivaa mavazi matatu. Hoja zilifungua mjadala, kijitabu kikalisha watu, kitabu kikajibu wapinzani. Kijitabu kisingewatosha wataalamu, wala kitabu kisingemfikia mwananchi. Alifanya vivyo hivyo mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saxony kumwonyesha jinsi watu walivyokosa mafundisho. Sehemu za Katekisimo Ndogo zilitoka kwanza kama karatasi za kubandikwa ukutani, kisha zikawa kijitabu. Katekisimo Kubwa ilitolewa hasa kwa wachungaji na wahubiri.

2. Tasnifu na kitabu

Tasnifu huandikwa kwa ajili ya watahini. Hueleza mbinu kwa kirefu, huyapitia maandiko yote yaliyotangulia, na huthibitisha kwamba mwandishi anastahili shahada. Msomaji wa kitabu hahitaji uthibitisho huo. Yeye anataka kujua kilichopatikana na maana yake. Kwa hiyo kuigeuza tasnifu kuwa kitabu ni kuandika upya, na kazi hiyo yahitaji muda. John Mbiti alipata shahada ya udaktari huko Cambridge mwaka 1963. Kitabu kilichotokana na utafiti huo, juu ya eskatolojia ya Agano Jipya, kilitoka mwaka 1971.

3. Namna zilizopo

Ikiwa utafiti una hoja moja iliyo wazi, yafaa uwe makala ya jarida. Majarida mengi hupokea maneno kati ya 5,000 na 8,000, na makala hupitiwa na wataalamu wengine kabla ya kukubaliwa. Njia hii humfikia mtafiti mwenzako, nayo humrekebisha mwandishi kabla hajawapotosha wengine.

Ikiwa hoja ni nyingi na zinategemeana hata haziwezi kutenganishwa, hapo ndipo kitabu kinapohitajika. Lakini tujihadhari na tamaa ya kuwa na jina kwenye jalada. Tasnifu nyingi zina makala mbili nzuri ndani yake, wala hazina kitabu.

Hotuba ya kongamano inafaa kwa wazo lisilokomaa, kwa kuwa wasikilizaji watalikosoa. Sura katika kitabu cha wengi inafaa kwa mwandishi anayealikwa kuchangia mada maalumu, ingawa mara nyingi kitabu chote humngojea mwandishi aliyechelewa kuliko wote.

Mwisho, kuna kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya washarika na wainjilisti. Wasomi hukidharau kwa sababu hakihesabiwi sana katika kupandishwa cheo. Hata hivyo, utafiti uliotokana na vinywa vya washarika una deni kwao, na kwa kawaida deni hilo hulipwa kwa namna hii.

4. Tahadhari

Kwanza, makala moja isipelekwe kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ngoja jibu la kwanza, hata likichelewa.

Pili, kwa njia ya intaneti hutokea watu wanaomsifu mwandishi, wakamwahidi kuchapisha kwa siku chache na kudai malipo, bila wataalamu kuipitia kazi. Yapo majarida ya haki yanayotoza ada, basi ada peke yake si kipimo. Uliza ni nani wahariri, kazi hupitiwaje, na nani unayemwamini amewahi kuandika humo. Namba ya ISSN au ISBN hulitambulisha chapisho tu. Haithibitishi ubora wake.

Tatu, soma mkataba wa hakimiliki kabla ya kutia sahihi. Mwandishi asiyejihifadhia haki ya kutafsiri kazi yake aweza kuzuiwa kuitoa kwa Kiswahili.

Hitimisho

Kabla ya kuuliza ni wapi tutapata sifa, tuulize maswali matatu: Ni nani anayelihitaji jambo hili? Anasoma lugha gani? Je, jambo lenyewe ni hoja moja au ni nyingi? Majibu yakipatikana, namna ya kuchapisha itajulikana.

Sisi tulichelewa. Tulitoa makala moja jaridani, na baadaye kijitabu chembamba cha Kiswahili. Tulipokipeleka usharikani, mzee yule alikuwa amekwisha kuitwa na Bwana. Binti yake alikipokea, akatafuta ukurasa wenye maneno ya baba yake, akawasomea waliokuwapo.