Suti ya Sufu Unampa Dobi Gani?

Harusi imebaki wiki mbili. Suti ipo, tena ya sufu safi, lakini kola ina alama ya jasho na kwenye mkono kuna tone la mchuzi wa ile sendofu ya mwezi uliopita. Unampa nani? Kama unaishi Majengo pale Songea, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaituma na irudi kabla ya kamati kumaliza vikao. Utamtegemea mtu wa mtaani kwako. Huyo inabidi umjue vizuri kabla hujamkabidhi.

Tuanze na jina lenyewe, maana linachanganya watu wengi. Ubao unaweza kusema drai klina, ukichungulia nyuma unakuta beseni, sabuni ya unga na pasi ya mkaa. Drai klina halisi haitumii maji. Ni mashine inayozungusha nguo ndani ya dawa inayoyeyusha mafuta, halafu inaikausha na kuirudisha dawa kwenye tangi. Wafaransa waliifanya biashara tangu karne ya 19. Mimi sina ugomvi na beseni, jamani! Kitenge na batiki vinataka beseni: maji ya baridi, geuza ndani nje, anika kivulini. Ugomvi wangu ni na beseni linalojiita mashine.

Kwa sababu sufu haina msamaha. Unywele wake una magamba madogo sana. Ukiuloweka kwenye maji ya moto na kuufikicha, magamba yanang'ang'aniana na nguo inajikunja ikawa ya mdogo wako. Hairudi tena. Koti nalo lina kitambaa kingine ndani ya kifua, mara nyingi kimegandishwa kwa gundi. Maji yakiiachanisha, kifua kinatoka mapovu ambayo hakuna pasi itakayoyalaza. Na Songea sufu ni nyingi kuliko unavyofikiri. Baridi ya Juni na Julai si ya mchezo, na makoti mazito ya mitumba yanavaliwa kweli.

Basi utamjuaje wa kuaminika? Muulize swali moja: "Hii utaifua na nini?" Anayejibu haraka "usijali bosi, itatoka mpya" mwogope. Anayegeuza koti kutafuta lebo, huyo kaa naye. Kwenye lebo, duara maana yake ni drai klina, duara lenye mkato maana yake usithubutu, na beseni lenye mkato maana yake maji marufuku. Kama hana mashine na anaipeleka kwingine, akuambie ni wapi na inarudi lini. Na yule anayesema "dada, hii mimi siiwezi"? Huyo ndiye dobi wako wa maisha. Mpe mashuka, mpe mashati, mtambulishe kwa mama mkwe.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni marinda. Waskoti wana kilti, ile sketi ya sufu wanayovaa wanaume kwenye harusi zao, na moja inaweza kula yadi 8 za kitambaa, karibu yote imekunjwa marinda. Fundi mwenye adabu huyapiga bandi marinda hayo kabla ya kuisafisha, kisha huitoa nyuzi baada ya pasi. Huna kilti, najua, lakini shemeji ana sketi ya marinda ya ofisini. Muulize dobi kama ataipiga bandi. Sura yake itakujibu kabla ya mdomo.

Upande wako nawe usifiche doa. Wapenzi wengi wanaona aibu kusema "hii ni soda", wanaacha dobi akisie. Dawa ya mashine inatoa mafuta, lakini sukari inahitaji maji kidogo palepale kwenye doa. Soda ikikauka haionekani. Ikipata joto la pasi inageuka kahawia. Kwa shera yenye shanga uliza zaidi, kwa sababu baadhi ya gundi na shanga zinayeyuka ndani ya dawa hiyo.

Usianze na suti ya harusi. Anza na suruali moja ya kazini, uone inavyorudi. Siku ya suti yenyewe, piga picha kwa simu mbele yake: vifungo, bitana, kila kasoro iliyokuwepo. Aandike risiti yenye rangi, idadi na tarehe. Kama suti ni ya kuazima, na mara nyingi ni ya kuazima, hiyo picha ndiyo itakayookoa urafiki.

Ikirudi, ivue mfuko wa plastiki na uitundike nje penye hewa, si chumbani mnapolala. Dawa iliyozoeleka, perkloroethilini, si kitu cha kuvuta pumzi. Desemba 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa kanuni ya kuiondoa kwenye drai klina ndani ya miaka 10. Ikinuka sana, irudishe akaushe vizuri.

Na aende kuichukua yule aliyeipeleka. Mwingine hatakumbuka ni kifungo kipi kilikuwa kimelegea, na ugomvi wa kifungo wiki ya harusi, nyie acheni tu.